Je, Wajua? Sokwe, Pweza, Punda na Sisi

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1960 wataalamu wengi waliamini ni binadamu peke yake anayetengeneza zana? Novemba mwaka huo, katika msitu wa Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, Jane Goodall alimwona sokwe dume mwenye ndevu za mvi, aliyempa jina la David Greybeard, ameketi kwenye kichuguu. Sokwe yule alichukua unyasi, akauingiza tunduni, akasubiri kidogo, kisha akauvuta taratibu ukiwa umejaa mchwa walioung'ang'ania, akawala. Siku nyingine sokwe wa Gombe walionekana wakipukusa majani ya kijiti kwanza ili kipenye vizuri. Huko ni kutengeneza zana. Habari zilipomfikia Louis Leakey, aliyemtuma Goodall huko, alijibu kwamba sasa ama maana ya zana ibadilishwe, ama maana ya binadamu ibadilishwe, au sokwe wakubaliwe kuwa binadamu.

Goodall alifariki dunia Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Katika yote aliyoyashuhudia Gombe, linaloniuma mimi ni kisa cha Flint, sokwe wa miaka minane aliyekuwa bado hajabanduka kwa mama yake, Flo. Flo alikufa mwaka 1972. Flint akaacha kula, akajitenga na wenzake, macho yakamdidimia. Kama mwezi mmoja baadaye naye akafa, karibu na pale alipolala mama yake.

Je, wajua kwamba kufanana huko na sisi ndiko kulikowatia sokwe matatani? Januari 31, 1961, hata miezi mitatu haijapita tangu Greybeard aonekane na unyasi wake, Marekani ilimfunga sokwe mwingine ndani ya chombo na kumrusha angani kutoka Florida. Aliitwa Ham. Alikuwa amekamatwa Kameruni akiwa mtoto. Alifunzwa kuvuta vishikio kila taa ilipowaka: akipatia hupewa kidonge chenye ladha ya ndizi, akikosea hupigwa umeme nyayoni. Alirudi hai baada ya dakika 16 hivi, akiwa na jeraha la puani tu, na miezi michache baadaye Mmarekani wa kwanza akafuata njia ileile. Ham aliwekwa katika bustani ya wanyama Washington, akaishi huko kwa miaka mingi bila sokwe mwenzake.

Hawakumtuma mbuzi. Walimchagua sokwe kwa sababu mwili na akili yake vinakaribiana na vyetu. Kwa sababu hiyohiyo sokwe wa maabara walidungwa virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Mwaka 2005 ramani ya vinasaba vyao ilipochapishwa, ilionekana kwamba tunalingana nao kwa takriban asilimia 98.8 pale vinasaba vyetu vinapoweza kuwekwa sambamba. Miaka 10 zaidi ilipita kabla Taasisi za Taifa za Afya za Marekani hazijatangaza, mwaka 2015, kwamba zimeacha kugharimia utafiti wa kitabibu kwa sokwe. Hoja iliyotumika miaka yote hiyo sikubaliani nayo hata kidogo. Kama sokwe anafanana nasi kiasi kwamba dawa inayomfaa yeye itatufaa na sisi, basi sindano inayomuuma yeye ingetuuma na sisi. Huwezi kuikubali nusu ya kwanza ukaikataa ya pili.

Je, wajua kwamba tembo huitana kwa majina? Watafiti waliochambua milio iliyorekodiwa Amboseli na Samburu, nchini Kenya, walichapisha matokeo yao mwaka 2024. Tembo aliposikilizishwa mlio ambao mwenzake aliutoa kumwita yeye, aliitika na kusogea haraka kuliko aliposikilizishwa mlio uliomlenga mwingine. Huko New York, tembo wa Asia aitwaye Happy alichorwa alama ya msalaba juu ya jicho, akasimama mbele ya kioo kikubwa na kuigusa alama hiyo kwa mkonga, akaigusa tena na tena. Alijua kwamba aliye kiooni ni yeye. Mawakili waliomtetea wakaomba atolewe katika bustani ya wanyama ya Bronx, alikokuwa tangu mwaka 1977. Juni 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliwakatalia, majaji watano kwa wawili. Kujitambua kiooni hakukumsaidia Happy mahakamani.

Basi tumwache anayefanana nasi, tumtazame asiyefanana nasi hata kidogo. Je, wajua kwamba pweza ana mioyo mitatu, damu ya buluu, na kwamba zaidi ya nusu ya neva zake ziko kwenye mikono yake minane? Babu yetu wa pamoja na yeye aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani: pweza walichomwa sindano ya asidi hafifu mkononi. Walikitumia kinywa chao kujichuna ngozi pale palipochomwa, na baada ya hapo wakakikwepa chumba walichokipenda mwanzo, kwa kuwa ndimo walimoumizwa. Walipopewa dawa ya ganzi, wakaacha kujichuna, na chumba walimopatia nafuu wakakipenda. Mwaka uliofuata Uingereza ilipitisha sheria inayowatambua pweza, kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia. Wavuvi wetu wa pwani watokao na bamvua kuwatafuta pweza miambani hawahitaji kuacha kazi yao kwa sababu hiyo. Lakini kumuua haraka na kumwacha agaragare juani ni mambo mawili tofauti.

Kipimo hiki cha maumivu si kigeni kwetu. Wengi tuliokulia pwani tulisimuliwa madrasani hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani kunywa maji. Alipotoka alimkuta mbwa akila udongo kwa kiu. Akaona kwamba mbwa yule ana kiu kama aliyokuwa nayo yeye, akashuka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno na kupanda nacho, akamnywesha; naye akasamehewa dhambi zake. Hakuuliza kama mbwa anajitambua kiooni. Kiu ilitosha. Mwaka 1789 Mwingereza Jeremy Bentham aliandika jambo lililo jirani na hilo: la kuuliza si kama mnyama anafikiri au anasema, ni kama anaumia.

Na hapo anaingia punda. Je, wajua kwamba utafiti wa vinasaba wa mwaka 2022 unaonyesha kuwa punda alifugwa mara ya kwanza hapa Afrika Mashariki, takriban miaka 7,000 iliyopita? Hakuna mnyama aliyetubebea zaidi: maji, kuni, mchanga, matofali ya matumbawe katika vichochoro vya Lamu. Lakini punda ana tabia inayomponza, ya kuficha maumivu. Hapigi kelele anapoumia. Huinamisha kichwa, masikio yakalegea, akapoa, na mwenye mzigo akadhani ametulia. Kuna jambo jingine ambalo madaktari wa mifugo wanalijua vizuri: punda wawili waliozoeana, mmoja akifa, aliyebaki anaweza kuacha kula. Akikaa na njaa, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kuliharibu ini, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana wanashauri aachwe kwa muda na maiti ya mwenzake, amnuse, aelewe. Flint wa Gombe alipata waandishi wa kumwandika. Punda anayekufa hivyo mtaani hukokotwa tu.

Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, zinazochemshwa China kutengenezea dawa. Punda jike hubeba mimba kwa kama mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, kwa hiyo kasi ile ya machinjio ingetumalizia punda. Sheria nyingine tunazo tayari. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, miaka 14 kabla ya ile ya Uingereza. Nchini Kenya, Sura ya 360 ya sheria za nchi hiyo inahesabu kuwa kosa kumbebesha mnyama kupita kiasi, na kumfanyisha kazi akiwa na jeraha linalomfanya asifae.

Kwa hiyo, msomaji, ukiagiza mchanga kwa punda, mwangalie kwanza mgongoni na chini ya kamba. Akiwa na kidonda kibichi, ukatae mzigo huo, mwambie mwenyewe ampumzishe na ampe maji, na asipokubali umwite afisa mifugo.