Mafuta ya hamira na swali la mpika sabuni wa Nakivale

"Sasa hiyo hamira, mwanangu, yenyewe inakula nini?"

Swali hilo la mama mmoja mpika sabuni, mkimbizi kutoka Kivu anayeishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, limening'ang'ania. Nilikuwa nikimsimulia habari za mafuta yanayozalishwa na hamira ndani ya matangi, bila mchikichi hata mmoja.

Mafuta anayajua. Mawese yakishayeyuka, huyaepua yapoe, kisha humimina maji ya kostiki soda kidogo kidogo huku akikoroga bila kupumzika, mpaka rojo iwe nzito kama uji. Hapo huinua mwiko: tone likibaki juu bila kuzama, sabuni iko tayari kumiminwa kwenye fremu. "Alizeti inatoa sabuni laini, inaisha mkononi," anasema. "Mawese ndiyo yanaipa nguvu." Ni kweli: zaidi ya asilimia 40 ya mawese ni asidi ya palmitiki, inayoigandisha sabuni.

Na hamira? Ipo aina nyekundu, Rhodotorula toruloides. Ipe sukari tele, inyime naitrojeni. Kwa kuwa haiwezi tena kuongezeka, sukari inayozidi huigeuza mafuta na kuyaweka akiba. Rangi yake hutokana na karotenoidi, jamii ileile inayoyafanya mawese yawe mekundu. Kampuni ya C16 Biosciences ya New York huwauzia watengenezaji wa vipodozi mafuta ya hamira. Wengine huzigusa jeni zenyewe: mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliibadili hamira ya Yarrowia lipolytica hadi mafuta yakakaribia asilimia 90 ya uzito wake mkavu.

Faida ya mafuta haya haihitaji maelezo marefu kwa anayejua misitu iliyofyekwa kisiwani Bugala, Kalangala, kupisha michikichi.

Lakini jibu la swali la mama ni sukari, na sukari hutoka shambani. Mwaka 2007 watu walikufa Kampala katika maandamano ya kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kugawiwa kwa kilimo cha miwa. Tukiokoa msitu mmoja kwa kuufyeka mwingine, tumeokoa nini?

Nikamtajia maganda ya matoke, yanayorundikana kwenye masoko ya Mbarara. Wanga wake ukivunjwavunjwa kwa vimeng'enya huwa sukari.

"Maganda?" akashangaa. "Mbuzi wanayagombania! Ukianza kuyanunua, mwenye mbuzi atalisha nini?"

Mafuta ya hamira bado ni ghali, ndiyo maana yameanzia kwenye krimu za uso. Mama huyu anahitaji jerikeni la mafuta ambalo bei yake haitapanda kabla hajauza sabuni ya jana. Siku tangi likijengwa, litakuwa Mbarara au ng'ambo? Na yeye atakuwa nani: mnunuzi, mshirika, au mtu wa kusimuliwa tu?