Je, Wajua? Siri za Begi la Mgongoni Linalopanda Ndege

Kuna raha yake kushuka kwenye ndege na kila ulicho nacho kiko mgongoni. Husubiri mkanda wa mizigo, husubiri mtu. Lakini kabla hujachagua begi, sikia haya.

Dumu moja la maji

Hadi mwaka 2025, begi la bure kwenye ndege za Ryanair, shirika la Ireland la nauli nafuu, halikutakiwa kuzidi sentimita 40 kwa 25 kwa 20. Zidisha namba hizo upate lita 20 kamili, sawasawa na dumu la maji la njano! Mwaka huo wakaongeza sentimita 5, ikawa lita 24. British Airways wao wanakubali sentimita 56 kwa 45 kwa 25, yaani lita 63, madumu matatu na ushee. Kwa hiyo anayeuliza begi gani linafaa kwa ndege aulizwe kwanza anapanda ndege gani, kisha anunue kwa kipimo cha shirika lililo gumu kuliko yote anayosafiri nayo.

Begi nalo hupimwa

Emirates na Qatar Airways humruhusu abiria wa daraja la kawaida kuingia na kilo 7 tu. British Airways kilo 23, mradi uweze kulipandisha begi mwenyewe juu ya viti. Kilo 7 ni pakiti tatu na nusu za unga wa kilo mbili mbili, na uzito wa begi tupu umo humo humo. Sanduku dogo la magurudumu hufika kilo 3 kwa urahisi. Karibu nusu ya haki yako imeishia kwenye vyuma na plastiki kabla hujatia hata soksi! Begi la mgongoni kama Osprey Farpoint 40 lina kilo moja na nusu hivi, na tofauti hiyo inatosha jozi ya viatu na kanga za zawadi. Kwa anayepita Dubai au Doha, mimi sioni la kubishania: mgongoni.

Mwezi kwanza, magurudumu baadaye

Binadamu alikanyaga mwezi Julai 1969. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku lake la magurudumu mwaka 1972, na lile la kusimama wima lenye mpini mrefu likaja 1987, kazi ya rubani Robert Plath.

Wanawake wa Kenya waliowashangaza wanasayansi

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliopima pumzi za wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wakitembea na mizigo. Waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada iliyoonekana kwenye vipimo: Wajaluo kichwani, Wakikuyu kwa mkanda upitao kwenye paji la uso. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 12 za bure! Utafiti wa baadaye huko Afrika Kusini haukuliona jambo hilo kwa wabebaji wote, lakini bado nastaajabu kila nikiwaza kwamba mama aliyetoka kisimani alikuwa na ujuzi ambao maabara ilihitaji mashine kuutambua.

Sisi wengine tunategemea mkanda wa kiuno. Dick Kelty wa California, aliyeanza kuuza mabegi yake mwaka 1952, ni miongoni mwa walioueneza. Ukiukaza vizuri, mzigo huhama mabegani ukakaa kwenye nyonga. Mzigo wako ukizidi kilo 10, usinunue begi lisilo na mkanda huo.

Uzi unaopita Everest

Ile namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha begi, 420D au 1000D, ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Mlima Everest una mita 8,849. Maana yake uzi wa 500D ukinyooshwa kutoka usawa wa bahari hadi kuvuka kilele hicho una nusu kilo tu! Namba ikipanda, begi huwa gumu kuchanika, lakini na uzito nao hupanda.

Kalamu hushinda kufuli

Chukua zipu ya kawaida ya nailoni iliyofungwa kwa kufuli. Chomeka ncha ya kalamu ya wino katikati ya meno, sukuma taratibu: meno yanaachana. Sasa vuta vishikizo pamoja na kufuli lake, kwenda na kurudi, na zipu inajifunga tena kama haijaguswa. Pasipoti na pesa ziweke kwenye mfuko unaogusa mgongo wako.

Plastiki iliyosamehewa

Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, wageni walitakiwa kuisalimisha uwanja wa ndege. Kifuko kimoja kilipona: kile chenye kufungika cha vipodozi, ambacho viwanja vingi duniani hukidai kwa chupa za mililita 100 tangu mwaka 2006.

Pawabenki haiendi kwenye buti la ndege

Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini, Korea Kusini. Watu wote 176 walitoka hai. Ilishukiwa pawabenki iliyokuwa juu ya viti, na kuanzia Machi 1 nchi hiyo ikakataza kuziweka huko. Begi lenye mfuko wa haraka upande wa nje linakufaa hapa: ukiambiwa mlangoni begi liende chini na mizigo mingine, itoe pawabenki kwanza, maana huko chini hairuhusiwi, ubaki nayo.

Begi likishiba

Vipimo vya dukani ni vya begi lisilojazwa kupita kiasi. Jaza mfuko wa mbele kwa sweta na chaja, na unene wa sentimita 20 unakuwa 25 bila wewe kutambua. Ukienda kununua, beba futi ya fundi cherehani na nguo zako, lijaze begi pale pale, kisha pima, pamoja na mikanda na vishikio. Chuma cha kupimia pale uwanjani hakijui kibandiko kinasema nini.