Filamu ya ‘Subira’ na kitendawili cha binti wa Pwani asiyejua kuogelea

BINTI aliyezaliwa hatua chache kutoka ufuoni aweza kukua, kuolewa na kuzeeka bila kujua kuogelea. Juu ya kitendawili hicho ndipo ilipojengwa filamu ya Kenya, Subira, na wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wana kila sababu ya kuitazama.

Hadithi hiyo ilianza mwaka 2007 kama filamu fupi ya Ravneet Chadha, kuhusu msichana wa miaka 11 kisiwani Lamu. Mwaka 2018 mwelekezi huyo aliitoa upya ikiwa filamu ndefu, Brenda Wairimu akiigiza Subira aliyekwisha kuwa mwanamwali. Ndoto yake ni moja tu: kuogelea baharini. Mila zinamzuia, kisha anaozwa mume aliyechaguliwa na kupelekwa Nairobi, mbali na maji. Kenya iliiwasilisha filamu hiyo kuwania tuzo za Oscar za mwaka 2020, ingawa haikufika miongoni mwa tano za mwisho.

Jina lenyewe lina fumbo. Subira huvuta heri, wahenga walisema. Lakini anayeambiwa asubiri kila mara ni binti, si kaka yake.

Katika familia nyingi za Pwani, msichana anapovunja ungo huondolewa ufuoni huku ndugu zake wa kiume wakiendelea kupiga mbizi. Wazee wana hoja: stara na macho ya watu. Hoja hiyo haifai kubezwa. Hata hivyo, bahari haibagui. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ilizama Mtongwe, na zaidi ya watu 270 wakaangamia, wake kwa waume. Hadi leo maelfu ya wanawake huvuka kivuko cha Likoni kila siku.

Je, stara na kuogelea haviwezi kukaa pamoja? Nungwi, Unguja, mradi wa Panje ulioanza mwaka 2011 umewafunza wanawake na wasichana kuogelea wakiwa na walimu wa kike, wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima. Heshima haikupotea, kilichopungua ni hofu.

Hilo ndilo somo la Subira. Haimtaki binti aasi wazazi wake. Inawataka wazazi wapambanue kati ya kumhifadhi mtoto na kumwacha bila kinga mbele ya maji yanayomzunguka.