Okidi ya Dar si ya Limuru

Ukiingia duka la maua, okidi itakayokuita kwanza ni Falenopsi: majani mapana yaliyolala, kikonyo kimoja au viwili vilivyofungwa kwenye kijiti, na maua meupe yaliyojipanga kama vipepeo waliotua kwenye kamba. Ndiyo niliyoanza nayo mimi, Dar es Salaam. Muuzaji aliniambia, "Dada, hii haisumbui. Maji mara moja kwa wiki, basi." Ilikaa na maua karibu miezi mitatu. Yalipodondoka, nikaitunza miaka miwili mizima, nayo ikanipa majani tu.

Kuhusu maji, muuzaji alisema kweli. Ambalo hakulisema ni kwamba Falenopsi huanza kutoa kikonyo pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 26 hivi kwa wiki kadhaa. Dar, Januari na Februari, mchana hufika nyuzi 31 au 32 na usiku unabaki na fukuto. Nafasi yake pekee ni Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, na hapo mimi nilikuwa nimeiweka sebuleni, dirisha limefungwa. Mwaka wa tatu niliihamishia kwenye dirisha linalobaki wazi usiku, na kikonyo kikatoka. Nairobi mmea uleule huchanua bila kubembelezwa, mradi ukae ndani usiku wa baridi ya Julai. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize usiku wa kwako ukoje.

Sasa tuje kwenye fedha. Bei zinatofautiana sana kati ya kitalu na kitalu, basi chukua tarakimu hizi kama mfano tu, uweke za kwako. Tuseme shada la waridi ni shilingi 20,000 na linadumu siku 7 mezani: kila siku imekugharimu karibu shilingi 2,900. Tuseme Falenopsi ni 60,000 na maua yake yanadumu siku 75: kila siku ni shilingi 800. Maana yake ni kwamba hata mtu asiyetaka kutunza mmea, anayetaka maua tu ya kupamba meza, anapata nafuu kwa okidi kuliko kwa shada. Sioni aibu kumshauri mtu hivyo. Ila maua yakiisha asiutupe mmea; ampe jirani mwenye mkono wa bustani.

Kwa anayetaka mmea wa kukaa nao, hesabu inageuka. Chukua okidi nyingine, Dendrobiamu: ya 40,000 ikichanua mara mbili kwa mwaka, kila mara wiki sita, baada ya miaka mitatu umepata siku zaidi ya 250 za maua. Hiyo ni kama shilingi 160 kwa siku, kabla ya mbolea. Na Dendrobiamu huzaa: kwenye shina la zamani hujitokeza mche mdogo wenye mizizi yake mwenyewe, ambao ukifika urefu wa kidole unaubandua na kuupanda. Mimi nilinunua mbili. Leo nina kumi na moja barazani, na nyingine nimegawa.

Hapa lazima niwe mkali kidogo, kwa sababu jina hilo moja linabeba mimea ya tabia tofauti. Ziko Dendrobiamu zinazotoa kikonyo kirefu kwenye ncha ya shina, nazo ndizo za pwani. Joto ni rafiki yao. Ziko nyingine ambazo maua hushikana ubavuni mwa shina, kutoka chini hadi juu. Hizo zinahitaji majira ya baridi na ukavu ndipo zichanue, na ukizileta Tanga au Mombasa utaishia kuangalia majani. Mwombe mwenye kitalu akuonyeshe maua yalipotokea mara ya mwisho. Hata yakiwa yameshakauka, kovu la kikonyo linabaki.

Gharama ya kupandia ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mifuko ya magome ya msonobari kutoka nje ni ghali, na ukiwa pwani huna haja nayo. Chukua mkaa mpya ambao haujaingia jikoni, uuvunje vipande vya ukubwa wa kidole gumba, upepete vumbi lote. Ongeza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi hayo uyaloweke kwenye ndoo siku tatu au nne, ukimwaga maji kila siku, mpaka yaache kutoa rangi ya chai. Usichukue yale yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya usumba wa kamba, kwa sababu yamejaa chumvi. Makumbi huoza baada ya mwaka mmoja au miwili, mkaa hauozi, kwa hiyo ukichanganya nusu kwa nusu hutabadilisha mara kwa mara. Chungu kiwe cha udongo, kidogo, chenye matundu mengi. Dendrobiamu inapenda kubanwa. Ukiipa chungu kikubwa kwa kuihurumia, maji yatatuama na mizizi itaoza.

Chumvi ninaitaja tena kwa sababu ndiyo iliyoniulia mimea mingi kuliko wadudu. Nyumba nyingi za Dar zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Ncha za mizizi zinageuka nyeusi, kisha majani yanaungua pembeni, nawe unadhani mmea una kiu, unaongeza maji yaleyale. Pipa moja la lita 200 chini ya mchirizi wa bati, likijazwa wakati wa masika na vuli na kufunikwa vizuri mbu wasizaliane, ni manunuzi ya maana kuliko okidi ya tatu. Mbolea ni ile ya kuyeyuka majini, NPK 20-20-20, robo ya kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, mara moja kwa wiki wakati mmea unakua. Kilo moja itakutosha miaka.

Vanda ni habari nyingine. Ni okidi ya jua na mvuke, mizizi mirefu inaning'inia nje bila udongo wala mkaa, na maua yake hudumu wiki nne hadi sita. Singapore, mji wa joto na unyevu kama wetu wa pwani, mwaka 1981 ulichagua ua la jamii hiyo, Vanda Miss Joaquim, kuwa ua la taifa. Kwa hiyo hali ya hewa si kikwazo. Kikwazo ni wewe. Vanda inataka maji kila siku, na wakati wa kiangazi asubuhi na alasiri, mpaka mizizi ya rangi ya fedha igeuke kijani kote. Ukisafiri siku kumi bila mtu wa kuimwagia, utaikuta imekunjamana. Kwa kuwa hukua polepole, bei yake huwa juu. Anayeshinda nyumbani ainunue. Anayetoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku aiache.

Ukiishi Limuru, Lushoto, Njombe au Mbeya, yote niliyoyasema kuhusu ubora wa Dendrobiamu za pwani yageuze. Nunua Simbidiamu. Ni kubwa, majani kama nyasi ndefu, inakaa nje kwenye kivuli chepesi, na baridi ya usiku ndiyo inayoamsha maua. Inachanua mara moja kwa mwaka, lakini maua hukaa wiki nane hivi, na kila miaka michache unaigawa kichaka ukapata vyungu viwili au vitatu. Dar itakua vizuri na haitachanua kamwe. Katleya, yenye maua makubwa ya kunukia, inafaa miji ya katikati kama Arusha na Moshi, ila maua hayazidi wiki tatu, na kwa bei yake mimi naiona ni ya mpenzi, si ya anayeanza.

Lipo pia jambo la rafiki anayetoka Dubai au Bangkok na okidi kwenye begi. Okidi zote ziko kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mmea wowote unaoingia nchini unahitaji cheti cha afya ya mimea. Bila karatasi hizo unaweza kunyang'anywa mmea kwenye uwanja wa ndege, na fedha imekwenda.

Bei rahisi kuliko zote utaikuta kwa mtu wa gunia, anayepita nyumba kwa nyumba na okidi chui, ile ya maua ya njano yenye madoa ya kahawia, inayoota kwenye mibuyu na miti mingine ya kwetu. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi na haina akiba ya chakula. Porini haioti isipokutana na kuvu wa kuilisha, na baada ya hapo hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Kichaka alichokibeba kimechukua miaka mingi kufika hapo, na vingi vinavyobanduliwa hivyo hufa kwa mnunuzi. Vipo vitalu vinavyoiotesha vyenyewe, nenda huko. Lakini ukiona mizizi imeng'ang'ania vipande vya gome la mti, tafadhali usinunue.