Rovu la Kivu, Chumvi ya Iodini na Mizizi ya Kihindi

Tezi dundumio, iliyoko mbele ya koo, hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya moyo na matumizi ya nishati mwilini; inapozitoa kupita kiasi, mgonjwa hukonda ingawa anakula vizuri, mikono humtetemeka na moyo humwenda mbio. Katika milima inayozunguka Bukavu, mji wa Kivu mashariki ya Kongo, hata hivyo, tezi hiyo ilijulikana zaidi kwa rovu, uvimbe wa shingo unaoletwa na uhaba wa iodini. Watafiti wa Lwiro, kituo cha utafiti kilicho kaskazini ya mji huo, akiwamo daktari Mbelgiji François Delange, waliuchunguza katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, tangu miaka ya 1960, ikabainika kwamba muhogo usiolowekwa vya kutosha huuzidisha, kwa sababu sianidi yake hugeuka mwilini kuwa thayosianeti, kemikali inayoizuia tezi kufyonza hata hiyo iodini kidogo iliyopo.

Kinga ya rovu ilikuwa chumvi yenye iodini, nayo ilikuja na tatizo lake. Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa kuhusu watu wa Kivu wenye rovu, ambao tezi za baadhi yao zilizidisha kazi baada ya chumvi hiyo kuenea. Tezi iliyokaa na njaa ya iodini kwa miaka mingi huota vinundu visivyotii tena amri itokayo ubongoni, navyo vikipata iodini kwa ghafla hutoa homoni bila kikomo. Hiyo si hoja ya kuikataa chumvi, kwani kuikosa humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Ni hoja ya kupima kiasi.

Hoja hiyohiyo yafaa itumike kwa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ambayo wafuasi wake huziona dalili za tezi inayozidisha kazi kuwa ni kuzidi kwa pitta, yaani nguvu ya joto mwilini, na hushauri vyakula vya kupoza, usingizi na utulivu. Ushauri huo haudhuru, ila haushushi homoni. Ashwagandha, mzizi wa tiba hiyo unaosifiwa kutuliza wasiwasi, ni jambo jingine: huweza kuziongeza homoni hizo, na madaktari wameshaandika kuhusu watumiaji waliougua kwa sababu yake. Vidonge vya mwani navyo hubeba iodini nyingi, inayoweza kuvichochea vinundu vilevile.

Mwenye rovu ambaye moyo unamwenda mbio apimwe kwanza homoni katika damu, kisha, zikionekana zimezidi, atumie dawa kama karbimazoli chini ya uangalizi wa daktari.