Kuifundisha Kompyuta Kazi ya Mwalimu wa Taaluma

Kila muhula unapokoma, katika shule za sekondari za Nachingwea na Ruangwa, kama ilivyo katika shule nyinginezo nchini Tanzania, mwalimu wa taaluma hukabiliwa na kazi ambayo haina ugumu wa fikra bali ina uzito wa wingi: kidato chenye wanafunzi 120 wanaosoma masomo 9 humletea alama 1,080, nazo sharti zigeuzwe kuwa herufi, herufi ziwe pointi, na pointi za masomo 7 ambayo mwanafunzi amefanya vema zaidi zijumlishwe, ndipo daraja lake lijulikane. Kazi hii, ambayo humkeshesha mtu na aghalabu humwachia makosa, kompyuta huimaliza kabla chai haijapoa, maadamu yuko aliyeiandikia maagizo.

Maagizo hayo ndiyo skripti, nayo si kitu cha siri: ni faili la maandishi ya kawaida, ambalo kompyuta hulisoma mstari baada ya mstari, toka juu hadi chini, na kulitii. Kwa anayeanza, lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, yafaa sana, kwa kuwa hupatikana bila malipo na, ikishawekwa, haihitaji intaneti. Wala mtu asidhani kwamba elimu hii ni mpya kabisa, kwani neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua za kufikia jawabu, latokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hisabati aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9.

Misingi ya kuanzia ni mitatu: kuipa thamani jina, kuamua kwa sharti, na kurudia tendo lile lile kwa kila mwanafunzi. Tuutazame ule wa pili. A huanzia alama 75, B 65, C 45, D 30, na iliyo chini ya hapo ni F. Mwanagenzi akianza kwa kuagiza, "ikiwa alama yafika 30, andika D", mtoto mwenye 80 naye atapewa D, kwa sababu 80 yapita 30, na kompyuta, ikishapata sharti la kwanza lililo kweli, haiyatazami yafuatayo. Kwa hiyo sharti la 75 ndilo litangulie.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa siku ya mtihani. Skripti iliyoandikwa kwa pupa yaweza kulihesabu pengo lake kuwa sifuri na kumpa F, ilhali hakushindwa, bali hakuwapo. Kadhalika wastani wa 74.5: je, ni A au ni B? Hilo haliamuliwi na kompyuta. Huamuliwa na walimu katika kikao chao, kisha likaandikwa.

Kwamba mashine haifanyi kazi ya fikra iliyopaswa kuitangulia, watu wa Nachingwea wana ushahidi wake katika ardhi yao wenyewe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kilimo cha karanga huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Yakaletwa matrekta, ikajengwa reli kutoka Mtwara, kabla udongo na mvua havijachunguzwa sawasawa. Na mwaka 1951 mpango ukaachwa, zikiwa zimepotea pauni milioni 36 hivi. Mitambo ilitangulia maarifa, na mitambo haikufidia upungufu huo.

Basi mwalimu anayetaka kujifunza na aanze kwa kalamu, aandike kwa Kiswahili kila hatua aifanyayo kwa mkono. Kisha atoe nakala ya faili la alama, asiguse asili. Ajaribu skripti kwa wanafunzi watatu, mmoja wao awe yule asiyefanya mtihani, na alinganishe matokeo na hesabu ya mkono. Fauka ya hayo, akumbuke kwamba alama za watoto ni amana, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu zitawanywe ovyo. Akishayatimiza hayo, amfundishe na mwenzake wa shule ya jirani, ili saa zilizookolewa katika kujumlisha zirudi darasani, kwa mwanafunzi, ambaye ndiye mwenye haki nazo.