Habari za Vita Zinapotunyima Usingizi

Tunapowapima presha akina mama na wazee, mara nyingi tunasikia neno lile lile: "Sista, silali." Tukiuliza sababu, tunakuta si deni wala ugomvi wa nyumbani. Ni redio. Januari 2025 ilitangaza kwamba Goma imetekwa na waasi wa M23, na Februari ikafuata Bukavu. Hata wasio na ndugu Kongo wanaumwa kichwa, chakula hakishuki, moyo unakwenda mbio. Kisha hutuuliza: na sisi watu wadogo tufanye nini?

Hali hiyo si wazimu, wala hamkurogwa. Mwili ukisikia hatari hujiandaa kukimbia au kupigana, nawe umekaa jikoni unachambua mchicha. Basi nguvu ile inabaki ndani na kukusumbua. Taarifa ya habari mara moja kwa siku yatosha, tena isiwe ya mwisho kabla ya kulala, na watoto wadogo wasiachwe peke yao na picha za maiti kwenye simu. Lakini kuziba masikio kabisa hatushauri.

Juu ya lile swali, tuwasimulie habari za mji huo huo wa Bukavu. Daktari Denis Mukwege alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini. Oktoba 1996 ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na baadhi ya wauguzi. (Sisi wa kazi hii tunalisoma jambo hilo kwa shida.) Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, akikusudia kuwasaidia akina mama wanaojifungua. Mgonjwa wake wa kwanza hakuja kujifungua: alikuwa mama aliyebakwa na kupigwa risasi. Tangu hapo Panzi imetibu makumi ya maelfu ya wanawake, wengi wao wakiwa na majeraha ya kubakwa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Mtasema huyo ni daktari, sisi je? Ngojeni. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake wakamuua mtu wake aliyejaribu kumwokoa. Daktari akakimbilia Ulaya na familia yake. Ndipo wanawake wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, maskini kabisa, wakaanza kuuza matunda na mboga wapate fedha za tiketi yake ya kurudi. Wakajitolea pia kumlinda kwa zamu. Januari 2013 alirudi, akaingia tena chumba cha upasuaji. Wale akina mama hawakumaliza vita, na vita havijaisha mpaka leo. Walimrudisha mpasuaji kwa wagonjwa wake, na kwetu sisi hilo si dogo hata kidogo.

Nanyi pia hamko mbali kama mnavyodhani. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996, na wapo wanaoishi mitaani mwetu. Jirani akikueleza kwamba yeye au binti yake amebakwa, njiani au hapa hapa kijijini, usimhoji wala usiwaambie wengine. Mfikishe hospitali kabla saa 72 hazijapita, maana dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya muda huo na kumezwa siku 28. Mapema zaidi ni bora zaidi. Muda ukipita, hata kama ni miaka, mlete vilevile: magonjwa ya zinaa yanatibika, na anayevuja mkojo aweza kufanyiwa upasuaji.

Mkifika, mwambieni muuguzi wa kwanza kwamba mnaomba kuongea faraghani. Si lazima kueleza zaidi ya hapo mbele ya foleni.